Mla Jana

Walimcheka depoti, kule Likasi:
hakuna shaba humu, mzee, wala kobalti,
mashine imenyamaza, rudi na jiwe lako.
Basi Banze Kyungu akalifunga tena kwenye sasheti,
akapanda basi hadi Lubumbashi,
akaulizia kwa walinzi, kwa wauza karanga,
mpaka mlangoni kwangu, mimi mkata mawe wa chuo,
mwenye msumeno wa almasi na umeme wa kubahatisha.

Liliketi mezani, jeupe la chokaa,
limenona katikati, limechongoka ncha moja
kama kitu kilichokatwa kwa haraka na mwili.
Nikaligusa kwa ulimi. Likanasa.
Mfupa hunasa hivyo; jiwe la kawaida huteleza.
Nikamwambia: Baba, haya ni mavi.
Mavi ya fisi, au ya mkubwa wa fisi,
aliyekula akaenda zake kabla hatujapata majina.

Akautazama ulimi wangu kwanza.
Kisha mikono yake.
"Siku tatu nimelala pangoni kwa ajili ya mavi?"

Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga,
wakaishia hapo. Hawakusema kwamba hayasemi.
Na wale wengine, wenye haraka ya sahani:
mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Kana kwamba swali halina jibu,
kana kwamba jana haikuacha kitu nyuma ya kichaka.

Umeme ukarudi saa tisa. Msumeno ukalia,
maji yakatoka meupe kama ya kuoshea muhogo.
Nikasugua kipande mpaka mwanga ukapita,
nikamwita kwenye hadubini. Funga jicho moja.

Hicho cheusi? Kibanzi cha mfupa, wa pofu pengine;
ona kingo zake, tumbo limezilamba
kama mtoto anavyolamba peremende.
Na hiyo mistari? Nywele. Zenyewe zimeoza,
nafasi zao zimebaki,
kama kitanda cha mtu aliyetoka alfajiri.
Hili jino la fuko. Na hiki,
hiki kinachong'aa, ni gamba la samaki:
kwa hiyo palikuwa na mto karibu, ukakauka,
na mla nyama hakuona aibu kuokota.
Chavua hizi hakuzitafuta. Zilikuwa tumboni mwa pofu,
za nyasi za mvua ambayo huku hainyeshi tena.

Nikamweleza jambo ninalolipenda:
mla majani hunya, mvua ikapita, kwisha habari yake.
Aliyetafuna mifupa ndiye anayegeuka jiwe.
Chokaa ya waliouawa inamhifadhi aliyewaua,
nao wamo humo humo, vipande vipande,
hawana kaburi jingine.

Banze hakuondoa jicho.
Mdogo wake, Nkulu, aliteremka shimoni
mwezi ule wa mvua kubwa, na kamba ikarudi peke yake.
Aliniambia akiwa bado ameinama,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.
"Na shimo, mama, likishashiba,
linakunya nini?"

Nina asidi. Nina mizani ya kupimia unywele.
Nikazima taa ya hadubini
isije ikaungua bure.

Alichukua nusu. Nusu imebaki kwangu,
katika sanduku la tomsoni, kando ya dirisha.
Daftarini nimeandika:
Mlaji, hajulikani. Mlo, pofu, fuko, samaki.
Mwokotaji, Banze Kyungu wa Likasi.
Kuna safu ya mwisho, Mengineyo.
Kalamu ilikuwa na wino.